Tiketi zimeisha, lakini zilikuwa ngapi?

Mhariri,

Kila baada ya mbio kubwa za magari nasoma katika kurasa zenu za michezo kwamba tiketi ziliuzwa zote na uwanja ukafurika. Zote ni ngapi? Hapo ndipo habari hukatika.

Chukueni Indianapolis 500, mbio za magari za kila mwaka huko Marekani. Mwaka 2016, mbio hizo zilipotimiza mara ya 100, tiketi za majukwaani na za eneo lililo katikati ya njia ya mbio ziliisha kabisa, jambo lililokuwa halijawahi kutokea tangu zilipoanza 1911. Watazamaji walikadiriwa kuwa 350,000. Mwaka 2021 tiketi zikaisha tena, ila kwa sababu ya korona zilizouzwa zilikuwa 135,000 tu, kama asilimia 40 ya nafasi zilizopo. Mara zote mbili waandaaji walisema kweli. Msomaji aliyepewa kichwa cha habari bila hesabu ndiye aliyepotea.

Kuna pia suala la viti vyenyewe. Ukarabati wa uwanja wa mbio wa Daytona, Marekani, uliokamilika 2016 uliacha viti 101,500, kutoka zaidi ya 140,000. Siwalaumu, viti vipya ni vipana na mtu anakaa kwa raha. Lakini uwanja uliojipunguza ukijaa, msituandikie kana kwamba mashabiki wameongezeka.

Mashindano ya magari ya Formula 1 yana mtindo wake. Wale watazamaji 480,000 waliotajwa katika uwanja wa Silverstone, Uingereza, mwaka 2023 ni jumla ya siku nne, kwa hiyo shabiki aliyekwenda siku zote amehesabiwa mara nne. Nimewahi kubishana na rafiki aliyeapa kwamba watu wote hao walikuwapo Jumapili!

Na tiketi iliyouzwa si mtu aliyepita getini. Wapo wanaonunua halafu mvua ikawazuia, na wapo wanaoingia bure kwa hisani ya wadhamini. Nikiri pia kwamba picha ya televisheni si shahidi mzuri: jukwaa linaloonekana tupu huenda watazamaji wake wamekimbilia kivulini au wako foleni ya chakula.

Ombi langu ni kwamba mkiandika "tiketi zimeisha", mtaje zilikuwa ngapi sokoni, uwanja una nafasi ngapi, na siku ya mbio waliingia wangapi. Waandaaji wakikataa kutoa takwimu, andikeni kwamba wamekataa. NASCAR, shirika linaloendesha mbio za magari Marekani, iliacha kutangaza makadirio ya watazamaji tangu 2013, na hiyo nayo ni habari.

Msomaji wenu wa kila wiki