Diski inayogonga isilazimishwe

Mhariri,

Diski ya kompyuta ikianza kugonga, au faili zikichelewa mno kufunguka, mafundi wengi hapa Kisumu hukimbilia chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Wakome! Programu hiyo huitesa diski dhaifu na hubadilisha orodha ya faili ambazo zingeokolewa. Nakili kwanza hati na picha muhimu kwenye diski ya nje, kisha tumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu: huchukua sehemu zinazosomeka, ndipo hurudia zilizoharibika. Diski ikigonga bila kuonekana kabisa kwenye kompyuta, izime, wala usiifungue. Chembe ya vumbi hutosha kukwaruza sahani zake za ndani zinazohifadhi data. Kwenye SMART, ripoti ya diski kuhusu afya yake, namba 5 na 197 (hesabu ya sehemu zilizoharibika na zinazoshukiwa) zikizidi kupanda, nunua nyingine mapema. Shule na saccos ziweke nakala tatu, moja nje ya jengo.

Fundi wa kompyuta,
Kondele, Kisumu