Mwizi wa tokeni yuko juu ya mlango

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwaeleze wasomaji jambo moja kuhusu tokeni, yaani stima tunayolipia kabla ya kutumia, hasa sisi wa Kisumu na majirani zetu wa Siaya, Vihiga na Kakamega. Kila mwisho wa mwezi utasikia mtu akilalamika kwamba mita inakimbia. Mwingine anashuku jirani amemwibia stima, mwingine anaapa mita imeharibika. Mara nyingi mita ni nzima kabisa. Mwizi yuko juu ya mlango, anawaka tangu jioni hadi alfajiri. Ni ile balbu ya zamani ya wati 60, yenye uzi ndani ya kioo, iliyowekwa nje kwa ajili ya usalama.

Tupige hesabu. Huku karibu na ikweta usiku ni wa saa 12 mwaka mzima. Wati 60 kwa saa 12 ni wati-saa 720 kila usiku. Kwa siku 30 inafika 21,600, na kwa kuwa yuniti moja ni wati-saa 1,000, hizo ni yuniti 21.6. Hiyo ni balbu moja, na hakuna anayesoma wala kupika chini yake.

Yuniti 21.6 zinauma kwa sababu ya mpaka wa 30. Mteja wa nyumbani hupangwa daraja kwa wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu. Asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi yuko daraja la chini, anayezidi 30 hadi 100 yuko la pili, na anayepita 100 yuko la tatu. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2023, gharama ya msingi ya yuniti katika madaraja hayo ilikuwa Sh12.22, Sh16.30 na Sh20.97, kabla ya kuongezwa gharama ya mafuta, tozo mbalimbali na VAT ya asilimia 16. Wengi hawajui kwamba ukivuka mpaka, bei ya juu haigusi zile yuniti za ziada peke yake. Yuniti zote, kuanzia ya kwanza, huhesabiwa kwa bei ya daraja ulilopandia.

Chukua nyumba ya kawaida isiyo na friji. Televisheni ya wati 50 ikiwashwa saa sita kwa siku, inakula yuniti 9 kwa mwezi. Pasi na simu zikila 5, jumla ni 14. Sasa weka balbu nne za wati 60: sebuleni saa tano kwa siku, jikoni saa tatu, chumbani saa moja na nusu, na nje usiku kucha. Balbu hizo peke yake zinakula yuniti 38.7, na nyumba nzima inafika karibu 53. Ukiweka LED, zile balbu za kisasa zisizo na uzi, za wati 9 mahali pa tatu za ndani na LED ya wati 5 nje, balbu zote nne zitakula yuniti 4.4, na nyumba itakuwa kwenye 18 na ushei. Kwa gharama ya msingi niliyotaja, ni kutoka takriban Sh859 kwa mwezi hadi Sh225. LED nne zikikugharimu Sh600, hazifikishi miezi miwili kabla ya kurudisha pesa yako, hata ukihesabu kwamba hutashushwa daraja mpaka wastani wa miezi mitatu ushuke.

Asiyeamini aulize mita yake. Juu yake kuna kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na kando yake pameandikwa 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake ni kwamba kitaa kikipepesa mara 1,000 (au 1,600) umemaliza yuniti moja. Zima kila kitu, chomoa hata chaja, kisha washa balbu moja ya wati 60 na ushike saa. Kwa mita ya 1,000, kitaa kitapepesa mara moja kila dakika. Toa hiyo balbu, weka LED ya wati 9, halafu ungoje: itapita dakika sita na sekunde arobaini kabla hakijapepesa tena. Watu wakiona hivyo kwa macho yao hawahitaji kushawishiwa. Jaribio hilo hilo litakuonyesha pia kama kuna kitu kinachokula stima kwa siri. Ukizima vyote na kitaa bado kinapepesa, tafuta kinachovuta kabla ya kumlaumu mtu.

Nikija kwenye kununua, hapa ndipo watu wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mnunuzi anauliza wati ngapi, na muuzaji anamjibu kwa wati. Lakini wati zinaeleza stima inayoliwa tu. Mwanga hupimwa kwa lumeni, na nambari hiyo imeandikwa kwenye boksi. Balbu ya zamani ya wati 40 ilitoa lumeni kama 450, ya wati 60 kama 800, na ya wati 100 kama 1,500. LED nzuri ya wati 9 inatoa lumeni 800 hivi. Ukikuta boksi limeandikwa wati 9 na lumeni 500, irudishe kaunta. Ikiwa lumeni hazikuandikwa kabisa, usiinunue hata kama muuzaji anakupa mbili kwa bei ya moja.

Angalia pia volti. Stima yetu ni ya volti 240, lakini huko mwisho wa laini vijijini, jioni kila mtu akiwasha, inaweza kushuka sana. Balbu ya zamani hapo hubaki nyekundu kama kaa la jiko. LED yenye saketi nzuri haibadiliki, nayo utaijua kwa kuandikwa masafa mapana, kama 165–265V. Iliyoandikwa 220V tupu huenda ikazimazima au isiwake kabisa.

Mwambie muuzaji aiwashe, halafu ielekeze kamera ya simu. Mistari myeusi ikipita kwenye skrini, balbu hiyo inapepesa kwa kasi ambayo jicho halioni lakini huchosha macho, na haifai meza ya mtoto anayesoma. Mwisho, tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Chini ya alama kuna nambari ya kibali. Andika SM, alama ya # na nambari hiyo, utume kwa 20023, nawe utajibiwa kama ni ya kweli. Na usisahau kuangalia kitako: nyumba zetu nyingi zina holda za pini, lakini taa nyingine za urembo ni za kuzungusha.

Sasa malalamiko ninayoyasikia kila siku: "LED zenu hazidumu." Ni kweli nyingine zinakufa baada ya miezi mitatu ilhali boksi linasema saa 15,000. Ubovu wa kiwandani upo, lakini mara nyingi kosa liko mahali ilipowekwa. Taa ndogo za ndani ya LED haziungui haraka. Kinachokufa ni saketi iliyo kwenye shingo, hasa kapasita, na adui yake ni joto. Ukiifungia LED ndani ya glasi isiyo na upenyo, ile ya duara inayobandikwa darini, joto linapanda na kubaki shingoni. Kwa taa ya namna hiyo weka LED ya wati 5, au toa glasi.

Holda nayo huua balbu nyingi. Ichomoe balbu utazame vile vitufe viwili vya risasi kwenye kitako. Vikiwa na alama nyeusi au vimeliwa kama vimetobolewa na msumari, basi springi za pini ndani ya holda zimelegea, na stima inaruka kwa cheche badala ya kupita. Kila cheche ni pigo kwa saketi. Ukiongeza balbu mpya hapo unamwaga pesa. Badilisha holda, na uzime swichi kuu ya nyumba kwanza. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, nami naeleza kwa nini.

Baadhi ya LED huendelea kung'aa kidogo, kama kimulimuli, hata baada ya kuzimwa. Wakati mwingine ni kwa sababu swichi ina kitaa chake cha kuonyesha, nacho kinapitisha stima kidogo. Lakini mara nyingine ni kwamba aliyefunga waya alikata nyutro, yaani waya wa kurudisha stima, kwenye swichi badala ya waya wa moto unaoileta. Maana yake holda bado ina stima kamili wakati swichi imezimwa, na anayebadilisha balbu juu ya stuli anaweza kurushwa. Ukiona mng'ao huo, ita fundi mwenye leseni aje na testa. Huo ni usalama wa watu nyumbani, tokeni zije baadaye.

Huku kwetu kuna mambo mawili zaidi ambayo watu wa kwingine hawayajui sana. La kwanza ni radi. Bonde la Ziwa Victoria lina ngurumo nyingi, na stima ikipotea kisha ikarudi huja kwa pigo la volti. Ikipotea, zima swichi za taa, uache moja tu ili ujue imerudi, kisha uwashe nyingine baada ya dakika chache. La pili ni visubi wa ziwani. Usiku wanapotoka kwa wingi hufunika taa ya nje, wanakufa na kurundikana shingoni mwa balbu. Rundo hilo linazuia joto kutoka na kupunguza mwanga. Lifagie kwa brashi kavu, balbu ikiwa imezimwa na imepoa. Afadhali pia uweke nje mwanga wa manjano, ulioandikwa 2700K au 3000K, kuliko mweupe wa 6500K, maana mweupe huwavutia zaidi.

Kwa taa hiyo hiyo ya nje, fotoseli itakuondolea kazi ya kukumbuka. Hicho ni kijicho kinachowasha taa giza likiingia na kuizima kukipambazuka. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kukifunga mahali ambapo mwanga wa balbu yenyewe unakifikia. Taa inawaka, kijicho kinadhani ni mchana, kinaizima, giza linarudi, inawaka tena, usiku kucha. Kielekeze upande wa anga, ukuta ukikitenga na balbu.

Balbu za kuchaji, zinazobaki zikiwaka stima ikipotea, ni nzuri, lakini moja jikoni au sebuleni inatosha. Kumbuka hujichaji tu swichi ikiwa imewashwa, na betri yake huchoka kabla ya taa zenyewe.

Wenye enaji seva za mirija iliyosokotwa wasizitupe zikiwa nzima, bado zinakula kidogo. Ila ndani yake kuna zebaki, miligramu chache. Ikivunjika, watoto watoke nje na madirisha yafunguliwe kwa robo saa. Kisha okota vipande kwa karatasi ngumu, unga ushikwe kwa seloteipu, vyote vifungwe kwenye chupa yenye kifuniko. Usitumie ufagio, kwa sababu utaisambaza.

Nimalizie na wenye ploti, wa Nyalenda, Manyatta na Obunga, na hata wa Kaptembwo na Rhonda kule Nakuru. Korido yenye balbu mbili za wati 60 usiku kucha inakula yuniti 43 kwa mwezi. Mbili za LED za wati 5 zinakula 3.6. Na pale ambapo vyumba kumi vinatumia mita moja, kila mpangaji akitumia yuniti 15 tu, mita inasoma 150, na wote wanalipa bei ya daraja la tatu ingawa kila mmoja angestahili la kwanza. Vimita vidogo vya ndani vya kugawana bili haviondoi tatizo hilo, kwa sababu kinachopangwa daraja ni mita kuu. Nawaomba wenye ploti wawaombee wapangaji mita zao wenyewe kwa kampuni ya umeme, na wakati maombi yanashughulikiwa, wapande ngazi wabadilishe zile balbu mbili za korido.

Fundi wa stima,
Kondele, Kisumu