Risala ya Klabu ya Historia na Maadili kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,
Ndugu Mtendaji wa Kata na wenyeviti wa vijiji,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Kamwene! Na wazee wetu mliokaa upande wa jua, shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama. Barabara uliyopita tunaijua, hasa ule mteremko baada ya daraja, kwa hiyo shukrani hii si ya mazoea. Tunakushukuru pia kwa kuja mwenyewe pamoja na majukumu mazito uliyonayo. Wapo waliowahi kututumia wawakilishi, na wawakilishi nao wakatutumia salamu.

Historia ya klabu yetu ni fupi na tutaisoma haraka. Ilianza na wanafunzi wachache waliokuwa wakikutana Ijumaa jioni chini ya mkaratusi ulio nyuma ya jiko. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili lilipokuja na mtaala ulioboreshwa, ule ulioanza kutumika Januari 2024, klabu ilipata nguvu mpya, kwani mambo tuliyokuwa tukiyajadili kwa kujifurahisha sasa yana nafasi darasani. Leo tuna wanachama kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Lengo letu ni kumsaidia mwanafunzi ajijue: ametoka ukoo gani, nani anamlea, jina lake lilitoka wapi, ana kipaji gani. Akishajijua, ajue pia kinachomuunganisha na mwenzake wa kabila jingine, dini nyingine na mkoa mwingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio ni mengi na makubwa. Klabu imelitangaza jina la shule ndani na nje ya kata. Katika mdahalo wa tarafa tulishika nafasi ya tatu, mwaka ambao mvua ilizuia shule mbili kufika. Gazeti letu la ukutani linasomwa na shule nzima, hata na wale ambao vitabu vya kiada hawavigusi. Utoro wa siku ya Ijumaa umepungua kwa kiasi kikubwa, ingawa Mwalimu wa Taaluma anasema sababu ni uji. Tumeisoma Ngao ya Taifa kipande kwa kipande: mwenge, bendera, jembe na shoka, mkuki, pembe za ndovu, mwanamume na mwanamke, mkarafuu miguuni pa mmoja na mpamba miguuni pa mwenzake, na chini yake maneno Uhuru na Umoja. Mwanachama mmoja wa kidato cha pili aliuliza kwa nini hakuna mahindi wala chai, wakati mkoa wetu wa Iringa ndio unaolima. Swali hilo bado halijajibiwa na tunaliacha mikononi mwako.

Tunaomba dakika chache tukueleze kazi yenyewe, kwa sababu ombi letu linatoka humo.

Tulipoanza, kila mwanachama alipewa kazi ya kuchora mti wa ukoo wake hadi kwa babu wa babu. Wapo waliojaza karatasi mbili. Wapo waliorudisha karatasi tupu, na mmoja aliacha kuja klabu kabisa. Baadhi yetu hapa tumelelewa na bibi tangu tukiwa wadogo, baadhi hatuwajui baba zetu, na wengine wamechukuliwa na majirani baada ya wazazi kufariki. Karatasi yenye kisanduku cha baba na kisanduku cha mama ilikuwa inawahukumu. Mwalimu mlezi alibadilisha kazi. Sasa tunaanza na swali moja: nani alikulea, na alikufundisha nini? Yule aliyeacha kuja alirudi na kurasa tano za bibi yake, tangu alivyofika Kilolo akiwa binti hadi anavyochagua mbegu za mahindi na kuzitundika juu ya moshi wa jiko. Tunaamini hizo ndizo kurasa bora kuliko zote tulizonazo.

Kazi ya pili ilikuwa ya majina tunayoitwa na watu wengine. Mheshimiwa, sote tunajua utani kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa, na Mngoni yeyote aliyepo hapa anaruhusiwa kuendelea kucheka. Babu zetu na babu zao walipigana vita vikali kuanzia mwaka 1878, na leo ni watani wanaozikana na kutaniana hata juu ya jeneza. Utani huo tunaupenda. Lakini kuna maneno mengine ambayo si utani. Msichana wa Iringa akienda Dar es Salaam, swali la kwanza ni kama amekuja kutafuta kazi za ndani. Dada zetu wanaofanya kazi hizo tunawaheshimu, wengine ndio wanaotulipia madaftari. Hata hivyo wasichana wa klabu yetu walikiri kwamba wakiulizwa wanatoka wapi, hujibu Morogoro. Tulilijadili jambo hili wiki tatu. Mtu anayeficha mkoa wake atawezaje kuimba kwa moyo mmoja wimbo wa taifa lenye mikoa yote?

Kisha tukafika kwa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na hapo ndipo klabu ilipotaka kuvunjika.

Tulisimama Lugalo, kando ya barabara kuu ya Morogoro, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wajerumani likiongozwa na Zelewski lilishindwa na Wahehe, na Zelewski mwenyewe akauawa. Tulifika makumbusho ya Kalenga, tukaliona fuvu la Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa. Tukarudi vifua mbele. Ijumaa iliyofuata mada ya mdahalo ilikuwa: Mkwawa ni shujaa wa Wahehe au wa Tanzania? Mwenzetu mmoja, ambaye mama yake ni Msangu wa Mbarali, alisimama akasema kwamba kwao Mkwawa hasimuliwi hivyo. Babu zake walifukuzwa katika nchi yao na Wahehe, na ndiyo maana Merere, mtawala wa Wasangu, alishirikiana na Wajerumani. Kelele zilizozuka zilimleta Mwalimu wa Zamu. Kuna aliyesema msaliti akae kimya.

Mwalimu mlezi hakutuambia nani yuko sahihi. Alituagiza twende kwa wazee, turudi na ushahidi: nani kasema, lini, wapi, na nani mwingine alikuwepo. Tulirudi na simulizi ambazo hazikukubaliana. Tulizibandika pande mbili za gazeti la ukutani, ya Kihehe kushoto na ya Kisangu kulia, na yule mwenzetu sasa ndiye katibu msaidizi wa klabu. Mzee mmoja tuliyemhoji, mwanachama wa TANU tangu ujana wake, alitusomea kwa kichwa ahadi za chama hicho. Ile ya kwanza, kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, tulikuwa tunaijua. Nyingine ilikuwa ngeni kwa wengi wetu: nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko. Ahadi hiyo ndiyo inayotupa ujasiri wa kusoma sehemu iliyobaki ya risala hii. Mwalimu mlezi ameipitia na kufuta sentensi moja. Hiyo hatutaisoma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika kuhoji wazee tulianza kupewa vitu. Tuna mkuki, vibuyu vya ugimbi, jembe la mkono lililofuliwa kijijini, kadi za zamani za chama, picha ya harusi ambayo bwana harusi amevaa koti la kuazima (mwenyewe ndiye aliyetueleza), na madaftari zaidi ya arobaini ya masimulizi yaliyoandikwa kwa mikono ya wanafunzi. Wazee wanne kati ya waliosimulia wameshatangulia mbele za haki. Sauti zao zimebaki kwenye madaftari hayo tu.

Vitu hivi vyote viko stoo ya shamba, kati ya mifuko ya mbolea na mahindi ya chakula cha mchana. Mwaka jana mchwa walipanda kutoka sakafuni wakala madaftari matatu, wakaanza na jalada na kuishia katikati. Ukifungua lililobaki, sentensi ya bibi mmoja inaanza, "Siku ile tulipotoka Usangu," na baada ya hapo ni udongo.

Ndiyo maana wazazi wetu waliamua kujenga chumba cha kumbukumbu na majadiliano. Walifyatua tofali wakazichoma, wakasomba mawe na mchanga, nasi tukabeba maji kutoka mtoni kabla ya namba. Boma lilifika kwenye lenta, zege la lenta likamwagwa, kozi za juu zikapandishwa. Hapo liliposimama ndipo lilipo hadi leo.

Halijasimama kwa sababu hatukuomba. Mgeni rasmi mmoja, katika mahafali, alisimama mahali hapo ulipoketi, akatangaza kwamba bati zote ziko juu yake. Alisema, na tunaye shahidi kwa kila neno, tuhesabu jambo hilo limekwisha. Tulipiga makofi, akina mama walipiga vigelegele, kwaya ikarudia wimbo. Simu zilizofuata alikuwa kwenye kikao. Aliyemfuata alipokea risala hiyohiyo ikiwa imechapwa upya, akatuletea saa ya ukutani yenye picha yake. Saa inafanya kazi vizuri na tunamshukuru. Imetundikwa ofisini kwa sababu chumba tulichomwombea paa hakina paa la kuifunika. Wa tatu aliahidi kufuatilia ahadi ya wa kwanza.

Kwa kuwa klabu yetu imefundishwa kuandika chanzo, tarehe na mashahidi, tunalo Daftari la Ahadi. Liko mezani mbele yako, lenye jalada la kijani. Halina nia mbaya, Mheshimiwa. Limehifadhiwa kwa utaratibu uleule wa masimulizi ya wazee.

Tukiwa Kalenga tulijifunza jambo lililotuhusu kuliko tulivyotarajia. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, yaani tangu Januari 1920. Fuvu lilirudi Uhehe mwaka 1954. Tunaelewa, kwa hiyo, kwamba ahadi ya miezi sita inaweza kuchukua miaka 34 na bado ikatimia. Tunachoomba ni kwamba yetu isifike huko, kwa sababu fuvu haliliwi na mchwa na tofali zetu zinaliwa na mvua. Masika mawili yamezipitia. Kozi mbili za juu upande wa magharibi zimeanza kumomonyoka, na nailoni tuliyofunika ilichukuliwa na upepo wa Agosti. Fundi anasema mvua za Novemba zikizikuta tena wazi, itabidi kubomoa hadi kwenye lenta na kuanza upya.

Mahitaji yaliyobaki ni haya: mabati 60 ya geji 28, kofia zake, mbao za mbili kwa nne za kenchi, mbao za papi, fishabodi na misumari. Ufundi wazazi wameshajitolea. Fundi amekadiria shilingi 3,850,000, na makadirio yake yamebanwa kwenye nakala ya risala utakayokabidhiwa. Kwa upande wa mbao, tungependa kusema kwa unyenyekevu kwamba misitu ya Sao Hill iko mkoani mwetu, na malori ya mbao yanapita kwenye geti la shule hii usiku na mchana. Wanafunzi wa bweni wanajua kuyatofautisha kwa mlio. Ni vigumu kumweleza mtoto wa kidato cha kwanza, tunayemfundisha kujivunia rasilimali za taifa lake, kwa nini zinapita tu.

Mahitaji mengine tunayo. Tungefurahi kupata vitabu zaidi vya somo, na usafiri wa kufika makumbusho ya Iringa Boma mjini. Lakini kamati ilikubaliana tusiyafanye kuwa maombi ya leo, kwa sababu risala yenye maombi kumi hujibiwa kwa mpira mmoja. Leo tuna ombi moja, nalo ni paa.

Pia, kwa heshima zote, tunaomba jibu lenye tarehe. Kama haiwezekani, Mheshimiwa, tuambie leo kwamba haiwezekani, hatutanung'unika. Wazazi wamesema wakijua hivyo watauza mahindi ya shamba la shule, waezeke kwa nyasi kabla ya Novemba, na madaftari yatahama stoo. Kinachotuchelewesha zaidi ni kusubiri, kwani kila tukitaka kuanza wenyewe tunaambiwa bati ziko njiani.

Mwisho, tunakushukuru kwa kutusikiliza, na tunawashukuru walimu na wazazi kwa uvumilivu wao. Ratiba inaonyesha kwamba baada ya hotuba yako tutaelekea kwenye chakula katika bwalo. Njia fupi ya kwenda bwaloni inapita mbele ya ofisi. Kamati ya mapokezi imepanga tupite ile ndefu kidogo, inayozunguka nyuma ya darasa la kidato cha pili, ambako boma lipo na fundi anasubiri na futi yake.

Tunaomba kuwasilisha.