Wa gazeti gani?

Tanga,
Jumatano jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na za mama usisahau kumfikishia. Sisi hapa wazima, ila umeme ndio unatutania. Leo umekatika mara mbili nikichapa risala ya mahafali ya watu, na mara zote mbili sikuwa nimehifadhi. Ndiyo maana unaona naandika kwa mkono, tena mwandiko wenyewe huu wa kukimbia.

Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikaudhika. Hadithi kumi na moja umeandika, mbili zimechapishwa, halafu unaniuliza eti wewe ni nani hata ujiite mwandishi. Na kwenye fomu ya semina ukajaza "mwalimu", ukafunika kalamu. Kwa hilo la fomu sikulaumu sana. Mwezi uliopita nilikwenda zahanati, nikaulizwa kazi yangu. Nikajikaza nikasema mwandishi. Nesi akainua kichwa: "Wa gazeti gani?" Nikamwambia sina gazeti, naandika hadithi. Akanitazama kwa huruma, akaandika "mjasiriamali". Kadi ninayo hapa.

Neno lenyewe pia halitusaidii. Wa habari ni mwandishi, wa vitabu mwandishi, na mimi hapa steshenari, ninayewachapia watu barua za kuomba kazi kwa buku moja ukurasa, wateja wananiita mwandishi bila kusita.

Sasa sikiliza la wiki iliyopita. Kaja bibi mmoja kutoka Pongwe, kusoma hajui, anataka barua kwa mdogo wake aliyekalia minazi ya baba yao. Nikachapa: "Ninakuomba unirudishie sehemu yangu." Nikamsomea. Akanishika mkono. "Siombi. Andika namkumbusha." Nikafuta. Kufika mwisho nimeweka "dada yako mpendwa", kama tulivyofundishwa shuleni. Akasema, "Hilo la mpendwa toa. Weka dada yako, tulionyonya ziwa moja." Nikarekebisha, akasikiliza tena yote akiwa amefumba macho, akafungua pindo la kanga akanilipa.

Alipoondoka nikabaki najiuliza, pale mwandishi alikuwa nani? Vidole ni vyangu na pesa nimepokea mimi. Lakini barua ile ni yake, kila neno kalipima. Nikamkumbuka Muyaka bin Haji wa Mombasa. Mashairi yake mengi tunayoyasoma leo yalikuwa vichwani na midomoni mwa watu, mpaka Mwalimu Sikujua akayakusanya miongo kadhaa baada ya kifo chake, akisaidiana na yule mmishenari wa Kiingereza, Taylor. Kalamu walishika wengine, na hakuna anayebisha kwamba tungo ni za Muyaka.

Hilo la kusema una kazi nyingine, hata usinirudishie. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani huku huku kwetu, alikuwa karani wa forodha tangu 1926 mpaka 1944. Sidhani kama kuna faili la serikali lililomwandika malenga.

Najua kinachokusumbua hasa ni kule kulelewa kwetu, mwanamke asijitaje. Basi mtazame Mwana Kupona. Utendi wake ni wa 1858, anamtungia bintiye akiwa mgonjwa, na mawaidha mengine yale ya mume mimi na wewe tungebishana nayo mpaka alfajiri. Lakini anapokaribia kumaliza anajitaja: mwenye kutunga ni yeye, Mwana Kupona, baba yake Mshamu, amezaliwa Pate. Dhambi zake anaziombea msamaha hapo hapo. Jina halitakii radhi.

Kwa hiyo fomu jaza unavyotaka, hata "mkulima" ukipenda. Kilichoniudhi ni kingine. Ile hadithi yako ya mama anayeuza maandazi getini kwa shule, mimi niliisoma kabla. Ulimalizia pale anapobeba beseni lake anaondoka, hageuki nyuma. Ilipotoka nikakuta analia, anamsamehe mwalimu mkuu, wanakumbatiana. Nikakupigia, ukaniambia waliobadilisha ni mhariri na wenzake, "wao ndio wanajua". Zuhura! Yule bibi wa Pongwe hajui hata a, na neno "ninakuomba" halikumaliza dakika kwenye karatasi yake.

Nitafutie ule mwisho wa kwanza. Kama daftari umelipoteza, kaa uuandike upya, nami nitaichapa hadithi nzima bure, na nakala nitatoa. Ile ya kumbatiana sitaki kuiona humu ndani.

Umeme umerudi, na kuna kijana mlangoni kashika kitambulisho, anataka kopi. Basi la Dodoma linaleta vifurushi Jumamosi, nami nafunga saa nane.

Wako,
Mwanaidi, mjasiriamali