Barua kwa mpwa wangu anayetaka kufundisha sheria ya afya

Mpwa wangu,

Juzi nilimsikia baba yako akikwambia ukishatoka skuli ya mawakili utafute kampuni kubwa ya mawakili huko Upper Hill, Nairobi, uachane na mambo ya kufundisha, ati sheria ya umma haina pesa na sheria ya afya ni ya madaktari. Sikubishana naye mbele yako, ni kaka yangu mkubwa na anakutakia mema. Lakini wewe mwenyewe umeniuliza, kwa hivyo nakujibu hapa wazi, maana najua mko wengi wenye swali hilo hilo.

Kwa pesa hajakosea. Wengi huanza kama lekcha wa muda, unafundisha muhula mzima, unasahihisha mitihani ya darasa lililojaa mpaka mlangoni, malipo yanakuja mwaka unaofuata. Walioajiriwa kabisa nao wamegoma mara ngapi juu ya mishahara waliyokubaliana na serikali. Na bila uzamivu siku hizi kupanda ngazi ni shida. Yajue hayo mapema.

Lakini hiyo ya kusema sheria ya afya ni ya madaktari, hapana, hapo simkubalii.

Chukua SHA, ile Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya taifa. Kila mtu Kenya anaijua ile asilimia 2.75 ya mshahara inayokatwa kila mwezi. Mwenye mshahara wa laki moja enzi za NHIF, mfuko wa bima ya afya uliokuwepo kabla ya SHA, alikatwa shilingi 1,700 na hapo ndipo mwisho hata mtu akilipwa nusu milioni, sasa huyo wa laki anakatwa 2,750 na ukomo hakuna. Haya, uliza watu hiyo 2.75 imeandikwa wapi. Watakwambia Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Ifungue utafute, huioni. Sheria inasema tu kiwango kitawekwa na kanuni, na kanuni zikatengenezwa na waziri 2024. Yaani namba inayogusa mfuko wa kila mfanyakazi haimo kwenye kitu ambacho bunge lilikipigia kura, imo kwenye karatasi ambazo watu wachache sana walizisoma. Ndiyo maana nakwambia Ibara ya 43 ya katiba ni tamu kuinukuu, haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya na kadhalika, na lazima uijue, lakini kazi yenyewe iko kule chini kwenye kanuni, miongozo, masharti ya leseni.

Na asiye na mshahara je? Mama mboga anaulizwa maswali kuhusu nyumba anayoishi na vitu alivyonavyo, halafu mfumo unamkadiria alipe ngapi kwa mwaka. Huo ni uamuzi wa kiutawala kama uamuzi mwingine wowote. Ibara ya 47 inasema haki yako ikiguswa na uamuzi kama huo upewe sababu kwa maandishi, na tuna sheria nzima ya 2015 juu ya hilo. Sasa atapewa sababu gani wakati hesabu imepigwa na mashine? Uzamivu mzima umo humo, na mtu wa kuuandika lazima awe anajua sheria ya utawala vizuri, si udaktari.

Halafu kuna ile kesi ya Kapsabet ambayo naifundisha kila mwaka na kila mwaka inaniuma. Agosti 2010 wagonjwa wa TB walioacha dawa walikamatwa, hakimu akaamuru wafungwe jela hadi miezi minane ati ndiyo kutengwa. Jela, mahali penye msongamano, mgonjwa wa kifua! Walitumia kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma, sheria ya 1921, ya mkoloni, na kifungu chenyewe hakisemi jela popote, kinasema mtu atengwe. Wakakaa ndani zaidi ya mwezi kabla ya kuachiliwa. Ilichukua mpaka Machi 2016 ndipo Jaji Mumbi Ngugi akasema kifungu hicho hakiruhusu kumfunga mgonjwa gerezani na wizara iandike sera ya kuwatenga wagonjwa kwa njia inayoheshimu katiba. Fikiria, karibu miaka 90 kifungu kimekaa pale, na wanafunzi wa sheria wanahitimu bila kukisoma, kwa sababu hadi leo sheria ya afya haimo katika yale masomo 16 ya lazima ya shahada ya sheria.

Jaji huyo huyo, Aprili 2012, ndiye aliyeamua kesi ya dawa za bei nafuu za ARV, zile za kupunguza makali ya UKIMWI, pale sheria ya bidhaa bandia ya 2008 ilipoeleza neno bandia kwa upana mpaka ikawa inaweza kuzinasa hata dawa halali za jenereki, yaani zile za bei nafuu zenye kiambato kile kile cha dawa ya kampuni ya kwanza. Watu watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walienda mahakamani kwa ajili ya fasili moja tu, na wakashinda. Wakili wa kampuni kubwa hana nafasi ya kukaa na fasili moja miezi sita ila awe na mteja wa kumlipa. Mwalimu wa chuo anayo, na hiyo ndiyo sababu mimi nimebaki huku miaka yote.

Kwa hivyo ukitaka kuja, njoo, ila maliza kwanza uwakili wako, usiuruke, maana utafundisha mambo ya mahakamani na wanafunzi wanajua haraka kama hujawahi kusimama mbele ya jaji. Sheria ya utawala irudie upya. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, ile inayosimamia utungaji wa kanuni, isome yote, ni fupi, uone kanuni isipofikishwa bungeni ndani ya siku saba za vikao inavyokufa.

Mada ya uzamili nitumie kabla mwezi haujaisha, kurasa mbili zinatosha. Usiniandikie historia ya haki ya afya duniani. Chagua kanuni moja, uniambie nani aliiandika, nani aliulizwa maoni na nani anaumia nayo. Na baba yako niachie mimi, Jumapili nitakuja kuongea naye.

Shangazi yako