Mama Asiyeonekana

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Hujambo na wanao? Sisi wazima, ila mvua imetufungia ndani tangu juzi. Jana nikaketi na watoto tukazitazama tena filamu za The Incredibles, ile ya 2004 na ile ya 2018. Unazikumbuka: familia yenye nguvu za ajabu, katika mji uliochorwa kama Marekani ya miaka ya 1960.

Kuna jambo limenikaa rohoni. Yule Lucius anayegandisha vitu, mwenye sauti ya Samuel L. Jackson, ndiye shujaa mweusi anayebaki akilini mwa mtazamaji. Jitu la chuma linabomoa mji, naye anahangaika nyumbani kutafuta vazi lake la kazi. Anamwuliza mkewe, Honey, kaliweka wapi. Mke anamjibu kutoka chumba kingine kwamba hatoki mtu, chakula cha jioni hii wamekipanga miezi miwili. Watoto walicheka hadi machozi. Mwajuma akacheka, kisha akanigeukia: "Mama, mbona huyu mama hatumwoni?"

Nikamwambia tungoje ya pili. Ya pili ikafika pale pale: Honey anasikika, sura hana. Miaka 14 imepita kati ya filamu hizo, Rehema! Na tukumbuke ni Marekani ya miaka gani. Wakati huo weusi wa kusini walikuwa wanapigwa na kufungwa kwa kudai tu kuhudumiwa mgahawani kama wazungu. Kumchora Lucius na nyumba nzuri, tena rafiki wa dhati wa Bob, baba wa familia ile, anayeugonga mlango wa Bob kama ndugu, si jambo dogo. Ndiyo maana inaniuma kwamba mkewe wamempa ukuta.

Usidhani naichukia filamu. Pale kwenye ndege nimeparudia mara mbili. Makombora yanawafuata, Helen, mkewe Bob, anampigia kelele binti yao Violet aizungushie ndege ngao yake ya nguvu za ajabu. Mtoto anajaribu, anashindwa, ndege inalipuka, wote wanaangukia baharini. Baadaye pangoni Violet anaomba radhi, na mama anamwambia kosa si lake, haikuwa haki kumtaka jambo zito namna ile kwa ghafla. Sisi tulilelewa na wazazi waliotupenda sana, lakini nani kati yao aliwahi kumwambia mtoto maneno hayo?

Nilimfikiria Mwajuma. Jumatano nilimfokea kwa sababu ya hesabu za sehemu, hadi akafunga daftari akalala bila kula. Na Bob, kwenye ile ya pili, hesabu za mwanawe zinapomshinda, anakesha na kitabu mpaka aelewe, ndipo anamwamsha mtoto amfundishe. Usiku nilikwenda kukaa kitandani kwa binti yangu nikamwomba radhi. Hakusema kitu, alinishika tu kidole gumba kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mchanga.

Leo asubuhi nimefungua daftari lile ili nami nizisome hizo sehemu. Nyuma yake amemchora Honey: mnene kidogo, amesuka twende kilioni, vazi la Lucius amelikunja begani. Nimeipiga picha, nitakutumia bando likiingia.

Nisalimie Mama mkubwa na watoto wote.

Ni mimi shoga yako,
Saida