Kwa Mama Nuru, Dodoma

Shoga yangu Mama Nuru,

Asalaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo, ila vuli imeshika na Ngamiani yote madimbwi. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu maneno yanakatika, na hili nataka ulisome mpaka mwisho.

Juzi ulisema ukimpigia Nuru huambulii kitu. Umeshinda salama? Ndiyo. Umekula? Ndiyo. Shule? Nzuri. Halafu anampa bibi yake simu, huyoo, mbio. Ukasema labda ameshakusahau. Hilo neno limeniuma, mwenzangu, naomba ulitoe moyoni kabisa.

Mtoto wa miaka mitano ukimhoji, anakujibu kama mtu aliyeitwa polisi. Idi wangu ni vivyo hivyo. Mkalishe umuulize leo mmesoma nini, atatazama dari. Mpe kazi ya mikono, wewe shughulika na yako, hapo utamkoma kwa maneno.

Kwetu ni kuchambua mchele. Jioni nikishika sinia yeye anajisogeza, kazi yake kutoa vijiwe na kuvipanga mstari ukingoni. Juzi nilikuwa nimetoka sokoni Mgandini na chenji iko mkekani. Akazitazama zile noti, akaanza.

"Mama, tembo ni elfu kumi kwa sababu ni mkubwa?"

"Labda."

"Na faru elfu tano, simba elfu mbili."

"Ehe."

"Na huyu babu?"

"Huyo Mwalimu Nyerere, Baba wa Taifa. Elfu moja."

Akanyamaza. Nikajua limekuja. "Kwa hiyo simba anamshinda Mwalimu?"

Nikamweleza kwamba hapana, noti ni noti na mtu ni mtu, Mwalimu ndiye aliyeongoza nchi ikapata uhuru mwaka 1961. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akaniambia, "Mimi najua. Tembo akija hapa kwetu anaondoka siku hiyo hiyo. Mwalimu ndiye anakaa na sisi."

Nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Baba yake aliporudi nikamsimulia, akatoa pochi akaifungua: kweli, Mwalimu mtupu.

Lakini si vichekesho tu. Unajua babu yake tulimzika kabla ya Ramadhani. Idi hakulia, hakuuliza, watu wakasema mtoto mdogo haelewi. Wiki iliyopita mvua ilipokuwa inapiga bati, tuko na sinia letu, akauliza bila hata kuniangalia:

"Na kule kwa babu inanyesha?"

"Inanyesha."

"Atalowa."

Nikamwambia babu sasa hasikii baridi wala maji, roho yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Akatoa kijiwe, akakiweka kwenye mstari.

"Mungu anajua babu akilowa anakohoa?"

"Anajua, mwanangu."

"Ulimwambia?"

Ningejibu nini, Mama Nuru? Nikamwambia, mwambie wewe. Usiku alipomaliza dua yake ya kulala akaongeza, "Na babu asilowe, anakohoa." Amina yangu haikutoka kwa sauti. Miezi yote ile mtoto alikuwa anatembea na babu yake kichwani, na mimi nisingejua lolote kama tusingekuwa tumekaa pale na mchele.

Sasa nije kwa Nuru, maana ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu. Jumamosi bibi yake alimleta ashinde kwetu. Nikawapa yeye na Idi karanga wamenye, mimi nikawa nakuna nazi pembeni. Kimya, kimya, halafu:

"Mama Idi, Dodoma kuna bahari?"

"Hakuna."

Akamenya karanga kama tatu hivi, moja akaila. "Mama anajua huku ipo?"

"Anajua, si amezaliwa hapa hapa."

"Basi si arudi?"

Idi akadakia kwamba mama yako ana kazi, anachoma watu sindano wapone. Nuru akasema hilo analijua. Kisha akaniambia, tena kwa sauti ya chini nisije nikawatangazia watu, kwamba ana makombe aliyokuokotea ufukweni Raskazoni, yamo kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda cha bibi, na jeupe kubwa ni lako, ila dogo lenye madoa ni lake, usije ukachanganya.

Huyo ndiye aliyekusahau?

Jumamosi hii anakuja tena. Nipigie mimi, saa kumi jioni, nitaweka simu mkekani na kufungua spika. Usimuulize shule. Wewe kaa na kazi yako huko, chambua mboga, osha vyombo, nisikie masufuria yako yanagongana. Nisimulie mimi habari za huko, za lile vumbi na zile zabibu zenu, yeye awe anasikia. Atakatiza mwenyewe, utaona. Habari ya makombe usiitaje mpaka aseme yeye, ni siri yake na mimi nimeitoa kwa sababu ya mapenzi tu.

Na likizo ukipata, hata ya siku chache, njoo. Mpeleke Raskazoni mle mihogo, mwache aongoze njia.

Wasalimie wenzako wa wodini. Baba Idi anakusalimu, na Idi anauliza kama Dodoma tembo wanakaa siku nyingi.

Nduguyo,
Mama Idi